Mtoto na sindano ya ganzi: maswali yenu ya mwezi huu

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja, mtoto na ile sindano ya meno. Zinazofanana nimeziunganisha, na majina nimeyaacha nje kama kawaida yetu.

*

Assalam aleykum daktari. Mimi ni mama, naishi Langoni hapa Lamu. Binti yangu ana miaka 6, gego la chini limetoboka na usiku halali. Mwezi uliopita tulimpeleka kliniki moja, alipoiona sindano tu akaanza kupiga kelele, wakamshika watu watatu, mmoja miguu mmoja mikono mmoja kichwa, akadungwa hivyo hivyo, na jino lenyewe halikutoka manake alizidi kulia wakamwacha. Tangu siku hiyo hata mswaki hafungui mdomo. Nyanyake anasema tumdanganye tunaenda Shela kuogelea halafu tumpitishe kliniki, na akikataa safari hii ashikwe kweli kweli. Mimi roho inakataa. Kuna njia ya kumtia ganzi asihisi kitu? – Mama, Langoni

Waaleykum salaam dadangu. Roho yako inakwambia kweli, isikilize. Msimdanganye. Mtoto wa miaka 6 akiambiwa anaenda kuogelea akajikuta kwenye kiti cha meno, siku hiyo mnaweza kufaulu kulitoa jino lakini mtakuwa mmempoteza kwa miaka, na kesho ukimwambia tunaenda kwa shangazi atakuuliza shangazi yupi.

Nianze na ukweli wenyewe: hakuna daktari muaminifu atakayekuahidi kwamba mtoto hatahisi chochote. Atakachoweza kukuahidi ni kwamba atahisi kidogo sana, na hicho kidogo hakitamshtua. Uchungu wa sindano ya ganzi una vyanzo vyake: ncha inapotoboa ufizi, dawa inapoingia kwa kasi ikaitanua nyama, na dawa yenyewe kuwa na tindikali, hasa ile iliyochanganywa na adrenalini. Vyote hivyo vina njia ya kupunguzwa. Juu yake kuna hofu, na hofu ndiyo inayozidisha vyote hivyo, mtoto aliyekaza mwili mzima akiguswa na pamba tu analia kama amechomwa na msidhani anajifanya, anahisi hivyo kweli.

Sasa kazi ya nyumbani. Kwanza wote mlioko nyumbani muache kumtishia, ile "usipopiga mswaki daktari atakudunga" iishe leo, na kaka zake wasimsimulie ya kwao. Pili, siku moja kabla mwambie kwa maneno machache kwamba kesho mnaenda kwa daktari alitazame jino, na kama linahitaji kulazwa atalilaza kwanza ndiyo alitibu. Usimwambie wiki nzima kabla, atakosa usingizi, na usisubiri hadi mko mlangoni. Usiseme "haiumi hata kidogo" na pia usiseme "ukiumia vumilia", manake yote mawili yanamfanya awaze kuumia. Akikuuliza mwenyewe, mama ni sindano? mjibu, ndiyo, ndogo, na kwanza unapakwa dawa ya kulaza ufizi, utahisi kama kufinywa halafu panakuwa pazito. Basi, badilisha mazungumzo.

Muda wa kwenda nao uuangalie. Nenda asubuhi akiwa amelala vizuri na amekula, ganzi ya kawaida haihitaji mtoto kufunga, na mwenye njaa hana subira. Usimpeleke saa kumi akitoka chuo kashachoka. Na aende naye mtu mwenye utulivu, kama wewe ukiona sindano unatetemeka basi aende babake au khalake, mtoto anausoma uso wako kabla ya kumtazama daktari. Hili halina aibu.

Kwa yaliyompata mwanao mimi ningeomba siku ya kwanza asitibiwe kitu, kama jino linaruhusu. Aingie, akae kwenye kiti, apandishwe ashushwe, ajitazame mdomo kwa kioo, apulizwe hewa mkononi halafu kwenye jino, atoke. Njia hii ya kumwambia, kumuonyesha, halafu ndiyo kumfanyia, madaktari wa meno ya watoto wanaitumia tangu mwaka 1959 na mpaka leo haijapata wa kuitoa kwenye nafasi yake. Haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji dakika kumi za mtu ambaye hana haraka.

Siku ya ganzi yenyewe muulize daktari mambo haya bila kuona haya, we ndo mamake: atapaka jeli ya ganzi kabla ya sindano na atasubiri muda gani? Mtoto anaweza kuinua mkono akitaka kupumzika, na akiinua daktari atasimama kweli? Hiyo ishara ya mkono inafanya kazi kwa sababu mtoto anapata hatamu kidogo, lakini akiinua mara ya kwanza akapuuzwa, imekwisha. Na je, kabla ya kugusa jino atapima kama ganzi imekolea? Kwa magego ya chini ya utotoni, daktari huchagua kati ya kupenyeza dawa ufizini karibu na jino au kuufunga mshipa mzima wa fahamu kule nyuma ya taya. Kwa mtoto mdogo mfupa bado ni mwepesi, kwa hiyo kuna matibabu yanayowezekana kwa ile ya karibu na jino peke yake, lakini kung'oa gego la chini mara nyingi kunataka ile ya nyuma. Muachie yeye aamue, we uliza tu.

Na nyanyake mheshimuni lakini mwambieni hivi: kumshika mtoto kwa nguvu kunaachiwa dharura, mzazi amekubali, na hakuna njia nyengine. Jino linalouma usiku si dharura ya namna hiyo. Ila ukiona uvimbe unapanda kuelekea jichoni au unashuka chini ya taya, ana homa, anashindwa kumeza au kufungua mdomo, hapo usingoje apointimenti wala jeli, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Nawaambia hili hasa nyinyi wa Faza, Siyu na Kizingitini ambao mpaka mpate chombo ndiyo mfike Lamu mjini, uvimbe ukianza asubuhi msiuangalie mpaka jioni.

Kitu kimoja cha mwisho kwako. Jino likishatunga usaha, tindikali iliyopo pale inaizuia dawa ya ganzi kufanya kazi vizuri, ndiyo maana wakati mwengine mtoto anadungwa na bado analia na watu wanasema ana deko. Hana deko. Ganzi haikushika. Kwa hiyo kumpeleka mapema, jino likiwa na tundu tu, nako ni kumpunguzia uchungu.

*

Daktari mimi ni mhudumu wa afya ya kinywa, kituo chetu kiko Malindi. Kiti ni kimoja na foleni ya asubuhi inafika nje. Haya ya kwenye vitabu ya mtoto taratibu taratibu nayajua ila hapa nina dakika chache kwa kila mgonjwa na sina vifaa vya kisasa. Nifanyeje watoto wasilie? – Mhudumu, Malindi

Mwenzangu, swali lako nimelipenda kuliko yote na nitakujibu kwa urefu manake watoto wengi wa pwani wanapita mikononi mwa watu kama wewe, si kwenye kliniki zenye televisheni ya darini.

Muda haupotei pale unapodhani. Mtoto aliyetiwa ganzi kwa haraka akalia, unapoteza robo saa unambembeleza, na foleni yote nje imesikia, kwa hiyo watoto watatu wanaofuata wanaingia tayari wanalia. Haraka haraka kweli haina baraka hapa.

Anza na jeli. Kosa la kawaida ni kuipaka juu ya mate halafu kudunga hapo hapo, hiyo ni sawa na hujapaka. Kausha ufizi kwa kipande cha pamba, weka jeli kidogo tu kwenye ncha ya kijiti cha pamba, ishikilie mahali pamoja dakika moja mpaka mbili, na kama ni lignokeni (ile dawa ya ganzi ya kawaida) ya kupaka ipe hata tatu. Ikienea mdomo mzima mtoto anasikia koo zito anadhani anasakamwa. Jeli inalaza milimita mbili tatu za juu tu, kwa hiyo inasaidia pale ncha inapoingilia, isikudanganye kwamba imemaliza kazi. Wakati jeli inakaa, we andika kadi au zungumza na mgonjwa anayefuata, au bora zaidi zungumza na huyu mtoto.

Sindano iwe fupi na nyembamba, geji (namba ya wembamba wake) 27 au 30. Dawa kama inakaa kwenye friji kwa ajili ya joto letu, itoe mapema ipoteze ubaridi, ishike kiganjani ukitaka, usiichemshe. Sindano isipite mbele ya macho ya mtoto, msaidizi akupe kwa chini ya kidevu au kwa nyuma ya kiti, na msiitane kwa sauti "leta sindano ndefu". Shika mdomo uvute nyama ikaze, halafu utikise shavu kidogo wakati ncha inaingia, mwili ukisikia mtikisiko unausikia mchomo kidogo zaidi. Ingia milimita moja mbili, toa tone, subiri kidogo, vuta nyuma uhakikishe hauko ndani ya mshipa wa damu, ndo uendelee. Kisha sukuma polepole. Mililita moja kwa dakika nzima, yaani katriji, kile kichupa cha dawa kinachoingia kwenye sindano, ya mililita 1.8 ikuchukue karibu dakika mbili. Najua ukiwa umesimama dakika mbili zinaonekana ndefu sana, lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika haya yote, niache mashine, niache jeli, niache katuni, ningechagua kusukuma polepole.

Kaakaa ndo pagumu kuliko kote, nyama ya pale imeshikana na mfupa haina pa kutanukia. Usianze nalo. Tia ganzi upande wa shavu kwanza, subiri, halafu pitia ile nyama iliyo kati ya meno mawili kutoka upande wa shavu, uipenyeze pole pole mpaka uone kaakaa limekuwa jeupe. Baadaye ukiingia kaakaani penyewe, kandamiza kwa nguvu kwa mpini wa kioo karibu na unapodunga.

Mdomo wako nao uwe unafanya kazi. Mwambie ahesabu vidole vya mguu wake bila kuangalia, ainue mguu wa kulia, sasa wa kushoto, muulize punda wao anaitwa nani, mwambie avute pumzi kwa pua. Simu ya mamake yenye katuni ni kifaa cha kisasa tosha, imewashwa kabla hujaanza, si baada ya kulia. Chagua kitu kimoja tu cha kumshughulisha, watu watatu wakimsemesha kwa pamoja anachanganyikiwa. Na mmoja tu ndiye azungumze naye, yaani wewe.

Ukimaliza ngoja. Kwa sindano ya karibu na jino dakika 3, kwa ile ya nyuma ya taya dakika 5 au zaidi, hapo ndo unamuona mgonjwa mwengine. Halafu msifu mtoto kwa kitu alichofanya kweli, "ulitulia mguu wako vizuri", si "hukulia", manake pengine alilia na anajua.

Kuna wanaochanganya dawa na sodiamu baikaboneti kuipunguza tindikali. Inasaidia kwa baadhi, lakini inataka vipimo sahihi na ichanganywe pale pale kabla ya kudunga, kama hukufundishwa usijaribu.

*

Salaam. Kijana wangu ana miaka 4, kilo 15. Alidungwa ganzi ya jino na moyo ukaanza kumwenda mbio, akatetemeka mikono. Nikaambiwa ni kawaida. Je ganzi inaweza kumzidi mtoto? Na ni kweli sindano ya jino inagusa ubongo? – Baba, Barani, Malindi

Kaka, ubongo hauguswi, hilo liondoe kabisa. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka kwa dakika chache mara nyingi kunatokana na ile adrenalini iliyomo kwenye dawa, imewekwa ili ganzi isiondoke haraka, na inatokea zaidi dawa ikisukumwa kwa kasi au ikiingia kwenye mshipa wa damu. Hofu peke yake nayo inafanya hivyo hivyo. Inapita. Lakini siku nyengine ikitokea mwambie daktari saa hiyo hiyo, na ukienda kwa mwengine mwambie yaliyotokea.

Kuhusu kuzidi, ndiyo, ganzi inaweza kumzidi mtoto, na ndo maana swali la kilo ni muhimu. Kiwango ambacho madaktari wa meno ya watoto wa Marekani wanakifuata kwa lignokeni ni miligramu 4.4 kwa kila kilo moja ya mwili. Mwanao wa kilo 15 inakuja miligramu 66. Katriji moja ya mililita 1.8 ya asilimia 2 ina miligramu 36, kwa hiyo mbili kamili tayari zimepita kiwango chake. Unaona hapo palivyo karibu? Mtu mzima hizo mbili hazimfanyi kitu. Kwa hiyo mtoto apimwe uzito kabla, na mzazi akiona hakupimwa aulize. Kama meno mabovu ni mengi pande zote, yagawanywe siku mbili tatu, asidungwe mdomo mzima siku moja kwa sababu eti mmetoka mbali. Na kama ataambiwa anatiwa artikeni, dawa hiyo haishauriwi kwa walio chini ya miaka 4.

Dalili za kuzidiwa ni kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, masikio kuvuma, kushtuka shtuka, mpaka kifafa. Hapo ni dharura.

*

Mwanangu daktari, mimi ni bibi nipo Matondoni. Mjukuu ana miezi 10 anaota meno, mamake kanunua jeli ya ganzi duka la dawa anampaka. Mimi nasema ampake mafuta ya karafuu kama tulivyofanya sisi. Nani kashinda? – Bibi

Shikamoo bibi. Mniwie radhi, safari hii hakuna aliyeshinda.

Jeli nyingi za madukani zina dawa ya ganzi iitwayo benzokeni, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumiwe kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuiharibu damu isibebe oksijeni, mtoto akageuka rangi ya kijivu au bluu midomoni na kuhema kwa shida. Ni nadra lakini ikitokea ni hatari. Mafuta ya karafuu nayo kweli yanalaza, wala hamkukosea zamani kuyaona yanafanya kazi, ila ufizi wa mtoto yanauunguza, na akiyameza hata kidogo yanamdhuru. Kwa huyu wa miezi 10 msugueni ufizi kwa kidole safi, mpeni kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi atafune. Akiwa na homa kali msiseme ni meno tu, mpelekeni.

*

Mtoto alitiwa ganzi jana, leo mdomo wa chini umevimba una kidonda cheupe kikubwa. Tumeanza kumpa antibiotiki zilizobaki za kakake. Ni sindano chafu? – Shangazi, Shela

Karibu hakika amejiuma mwenyewe. Meno yanaamka mapema, mdomo unabaki mzito masaa mawili matatu na zaidi, mtoto anautafuna kwa sababu hausikii na unamshangaza. Ule weupe si usaha, ni kidonda kinavyojifunika, kinapona ndani ya wiki moja au mbili. Acheni hizo antibiotiki, hazisaidii na si zake. Asukutue kwa maji ya chumvi vuguvugu kama anajua kutema, mpakeni mafuta ya mgando mdomo usipasuke, asile achari wala mabuyu yenye pilipili. Akiumwa, parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kila baada ya masaa 6. Aspirini msimpe kabisa. Uvimbe ukizidi kukua baada ya siku ya pili au akapata homa, mrudisheni.

Mara nyengine akitiwa ganzi asipewe chakula mpaka mdomo uamke, na mtu mmoja akae naye amtazame, si kumuachia acheze barazani. Wengine humpa kipande cha pamba ang'ate upande ule, ni fikra nzuri kwa mtoto mkubwa kidogo.

*

Nasikia ulaya kuna gesi ya kucheka na kuna dawa ya jino bila sindano kabisa. Huku kwetu tunazipata au ni za matajiri? – Msomaji, Malindi

Gesi hiyo ni nitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, mtoto anaivuta kwa puani, hofu inapungua lakini halali, na ikizimwa anapewa oksijeni tupu dakika kama 5 anarudi kawaida. Ilianza kutumika kwa meno mwaka 1844, si mpya hata kidogo. Haiondoi haja ya ganzi, inamfanya mtoto aikubali. Kwa mtoto wa mafua aliyeziba pua haifai. Kliniki chache tu zinayo, pigeni simu muulize kabla ya safari. Kumlaza usingizi kabisa kwa dawa hospitali ni kwa mtoto mdogo mwenye meno mengi yaliyoharibika au mwenye ulemavu unaomzuia kutulia, na huko kufunga ni lazima, masaa 6 bila chakula, masaa 2 bila maji, na msimpe hata kipande cha mkate kwa huruma.

Ya bila sindano ndiyo ninayotamani kila mtu aijue. Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, inapakwa kwenye tundu kwa kibrashi, inasimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Ubaya wake ni kwamba palipooza panakuwa peusi moja kwa moja, kwa jino la mbele wazazi wengi hawapendi, kwa gego hakuna anayeliona. Kuna pia kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine na mara nyingi bila sindano, halafu tundu linazibwa kwa simenti maalum, na njia hii haikutoka Ulaya, ilianzia hapo Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Na kuna kofia ya chuma ya kufunika gego la utotoni bila kuchimba wala kudunga.

Zote hizi zinafanya kazi kabla jino halijaanza kuuma usiku. Likishauma lenyewe bila kuguswa, au kuna kijipu ufizini, zimepitwa, tunarudi kwenye ganzi. Kwa hiyo ukiona doa la kahawia kwenye gego la mwanao wakati unampiga mswaki, uliza wiki hiyo hiyo kama wanaipaka hiyo dawa ya fedha, na kama kituo cha kwanza hawana, waulize nani anayo.